Kisu cha Saa Chache, Jeraha la Mwaka: Upasuaji wa Kubadili Jinsia Utazamwapo kutoka Mfangano

Chanzo cha mkanganyiko

Mnamo Agosti 2025 Mahakama Kuu ya Eldoret, kwa kalamu ya Jaji Reuben Nyakundi, iliamua kwamba mwanamke mmoja aliyebadili jinsia, aliyekamatwa mwaka 2019 kisha akapekuliwa na kupimwa mwili ili ijulikane ni wa kike au wa kiume, alivunjiwa utu wake, ikaamuru alipwe fidia ya shilingi milioni moja, na ikaitaka serikali ipeleke bungeni sheria ya kuwahifadhi watu walio katika hali kama yake. Hukumu yenyewe ilihusu heshima ya mtu mikononi mwa dola. Walakini katika mazungumzo ya watu ilichanganywa upesi na mambo ambayo hayakuwamo, mmoja akiidhania ni ruhusa ya ndoa za jinsia moja, mwingine akiidhania ni habari ya watoto huntha, na wa tatu akiuliza iwapo hospitali za serikali sasa zitaanza kuwapasua watu ili ziwageuze.

Lugha yetu ina sehemu yake ya lawama. Neno jinsia, tulilolichukua kwa Waarabu pamoja na ndugu yake jinsi, limebebeshwa mizigo mitatu ambayo kwingineko hubebwa na maneno matatu: maumbile ya mwili, nafasi ya mtu katika jamii akiwa mume au mke, na mapenzi ya mtu yaelekeako. Huntha ni yule aliyezaliwa na maumbile yasiyoelekea waziwazi upande mmoja. Aliyebadili jinsia ni yule ambaye mwili wake hauna utata, ila nafsi yake haikubaliani na upande aliotiwa siku ya kuzaliwa. Na apendaye watu wa jinsia yake ni habari nyingine kabisa, ambayo haimhitaji tabibu. Shirika la Afya Duniani lenyewe lilikawia kuipanga upya hali ya huyo wa pili: mwaka 2019 ndipo lilipopitisha orodha mpya ya maradhi iliyoiondoa katika magonjwa ya akili na kuiweka katika hali zinazohusu afya ya ngono, na orodha hiyo ikaanza kutumika Januari 2022.

Maudhui ya makala haya ni upasuaji peke yake, nao tutautazama kutoka kisiwa cha Mfangano, katika Kaunti ya Homa Bay, nchi ya Wasuba, ambako mtu atokaye Sena sharti avuke maji hadi Mbita kabla hajaianza safari ya barabara kwenda Homa Bay, Kisumu au Nairobi. Mahali hapa pamechaguliwa kwa makusudi. Mjini, ambako hospitali iko mwendo wa dakika kumi, ugomvi huu aghalabu huwa juu ya kisu: kiruhusiwe au kikatazwe. Kisiwani huonekana upesi kwamba kisu ni jambo la saa chache, na kwamba kheri au shari ya mgonjwa hukatwa katika miezi iliyotangulia na miezi ifuatayo.

Sheria iliyokwisha kunena

Imani iliyoenea ni kwamba sheria ya Kenya imeukataza upasuaji huu. Ajabu ni kwamba sheria moja ya nchi imeutaja na kuutoa katika makatazo yake, nayo ni ile ambayo watu wasingeitazamia: Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji wa Wanawake ya mwaka 2011. Katika kuueleza ukeketaji, sheria hiyo inasema kwamba maana yake haiingizi upasuaji wa kubadili jinsia wala tiba yenye kusudi la kweli la kuponya, kisha inaufasiri upasuaji wenyewe kuwa ni ule unaofanywa ili sehemu za siri za mtu zifanane, kadiri iwezekanavyo, na za jinsia ya pili. Wakuria wa Kaunti ya Migori, jirani za watu wa Homa Bay, wanaijua sheria hii kuliko wengi, kwa sababu kila msimu wa jando unapokaribia hukumbushwa na machifu na polisi. Lakini ni wachache, hata miongoni mwa wanaoihubiri, waliopata kukisoma kifungu cha pili hadi mwisho wake.

Watunga sheria walikuwa na sababu. Katika ukeketaji sheria haikubali ridhaa iwe kinga, yaani msichana hata akisema ametaka mwenyewe, aliyemkata ana hatia. Na lau maana ya tendo ingeachwa wazi, tabibu amtibuye mtu mzima aliyeomba upasuaji angesimama kizimbani pamoja na ngariba. Hata hivyo kutotiwa hatiani si sawa na kupewa haki. Kifungu hicho hakijengi chumba cha upasuaji, hakimlazimishi daktari yeyote, wala hakigusi vyeti. Mwaka 2014 mwanamke aliyebadili jinsia, Audrey Mbugua, alilishinda mahakamani Baraza la Kitaifa la Mitihani, Jaji Weldon Korir akaamuru cheti chake cha sekondari kitolewe upya, chenye jina lake jipya na kisicho na alama ya jinsia. Ushindi huo ulikuwa wa cheti kimoja cha mtu mmoja, na Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 149, haijatengeneza njia iliyo wazi kwa wengine.

Hali ya siasa nayo haina budi kutajwa, maana katika kaunti hii imekaa mlangoni. Mbunge wa Homa Bay Mjini, Peter Kaluma, ndiye aliyeutoa mwaka 2023 mswada wa kulinda familia, uliokusudia hasa kuongeza adhabu za mapenzi ya jinsia moja. Waliobadili jinsia nao huuogopa mswada huo, na mtu mwenye khofu huificha hata homa yake kwa muuguzi.

Maandalizi

Kwanza yafaa kuvunja dhana ya kwamba upasuaji huu ni mmoja. Kwa aliyezaliwa mwanamke akaishi mwanamume, aghalabu ni kuondoa matiti, mara nyingine kuondoa kizazi, na kwa wachache kutengeneza uume, kazi ambayo hufanywa kwa awamu na ambayo matatizo ya njia ya mkojo huifuata mara nyingi. Kwa aliyezaliwa mwanamume akaishi mwanamke, ni kuondoa korodani, au kutengeneza uke kwa ngozi ya uume, ufundi ambao ulianzishwa barani mwetu, mjini Casablanca, na daktari Georges Burou mwaka 1956, robo karne baada ya Lili Elbe, mwanamke wa Denmark aliyebadili jinsia, kufariki Dresden mwaka 1931 kufuatia upasuaji wa mwisho kati ya mfululizo aliofanyiwa, zama ambazo dawa za kuua vijidudu hazijawafikia wagonjwa. Wengi wa waliobadili jinsia hawafanyiwi hata mmoja wa hiyo, ama kwa kutotaka ama kwa kutoweza.

Mwongozo wa kimataifa unaofuatwa na matabibu wa fani hii, toleo lake la nane la mwaka 2022, unataka mtu mzima aandikiwe barua moja ya mtaalamu aliyempima na kuthibitisha kwamba hali yake ni ya kudumu na kwamba anayaelewa matokeo, na awe ametumia homoni kwa takriban miezi sita kabla ya upasuaji wa sehemu za siri, ikiwa homoni anazihitaji. Toleo lililotangulia lilitaka barua mbili na miezi kumi na miwili. Wapo waliolisifu toleo jipya kwa kuondoa vizuizi, na wapo waliolilaumu kwa kulegeza ulinzi. Kwa mkazi wa Mfangano mvutano huo uko mbali kidogo: mahali ambapo mshauri wa nafsi hapatikani ila kwa kuvuka ziwa, barua moja ni safari kadhaa, na mbili ni mara mbili yake.

Kisha huja mwili. Tumbaku sharti iachwe wiki nyingi kabla, kwa kuwa hubana mishipa midogo ya damu, na ngozi iliyohamishwa ikikosa damu hufa. Uzito na kisukari hutazamwa. Nywele za mahali patakapogeuzwa ndani huondolewa mapema, kazi ichukuayo miezi. Haya yameandikwa katika kila kijitabu cha Ulaya. Yasiyoandikwa humo ndiyo yenye uzito ziwani. Malaria hapa ni ya mwaka mzima, na homa yake ikimpata mgonjwa siku ya tano baada ya kupasuliwa, muuguzi asiyempima damu aweza kuidhania uchafu wa jeraha, au, jambo lililo baya zaidi, akaudhania uchafu wa jeraha kuwa malaria akampa vidonge na kumrudisha nyumbani. Selimundu imeenea katika watu wa Nyanza, na kumlaza mtu kwa nusukaputi bila ya kujua kwamba damu yake ni ya namna hiyo ni kumhatarisha. Kichocho cha matumbo kimekaa katika fuo za visiwa hivi, nacho kikidumu huliharibu ini, kiungo kile kile kinachotegemewa kuzichuja homoni. Ama virusi vya Ukimwi, ambavyo Homa Bay ni miongoni mwa kaunti zilizoathirika zaidi, haviwi kizuizi maadamu mtu anameza dawa na virusi vimedhibitiwa. Ila Januari 2025, Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, baadhi ya kliniki walizoziamini watu wa makundi yaliyotengwa zilifungwa au zikapunguza huduma, na uaminifu huo hauhamishwi pamoja na faili.

Liko pia suala ambalo matabibu wenyewe hawajaafikiana, nalo ni kama mgonjwa aache homoni za kike wiki chache kabla ya upasuaji. Wa zamani waliamuru ziachwe kwa kuchelea damu kuganda mishipani; wa sasa wengi huona hatari hiyo ni ndogo, na kwamba kuziacha kunamletea mgonjwa dhiki ya nafsi wakati anapohitaji utulivu. Kwa atakayekaa saa nyingi ndani ya boti na basi baada ya kupasuliwa, miguu imekunjwa, busara inaelekea upande wa tahadhari: ama aziache kwa muda, ama asisafiri mapema, na hili la pili ndilo bora.

Baada ya kisu

Tuchukue uke uliotengenezwa, kwa maana ndio udaio uangalizi mwingi. Mgonjwa hulala hospitalini siku kadhaa, aghalabu hadi wiki; hubaki na mpira wa mkojo kwa siku tano hadi saba au zaidi, na ndani ya uke huwekwa pamba na bendeji za kushikilia ngozi mpaka ishike. Vikiisha kutolewa huanza kazi isiyo na likizo: kuingiza kifaa laini cha mviringo ili njia isizibe, mara tatu hivi kwa siku katika miezi ya kwanza, kila mara robo saa hadi nusu saa, kisha mara chache zaidi kadiri miezi ipitavyo, na hatimaye mara moja moja maisha yote. Akizembea, njia hufunga, na kuifungua ni upasuaji mwingine. Kazi hiyo inataka mlango wenye komeo, maji safi, mafuta ya kulainisha na saa ambazo hakuna mtoto atakayetumwa kuomba chumvi. Ni nyumba ngapi za mabati, zenye vyumba viwili na watu saba, zenye mambo hayo manne kwa pamoja mara tatu kila siku?

Maji nayo yana neno lake. Mgonjwa hukatazwa kuzama katika maji yoyote kwa wiki nyingi mpaka jeraha lifunge. Na kisiwani ziwa ndilo bomba, ndilo bafu, ndilo dobi. Ya kuoshea jeraha sharti yachemshwe, nayo kuni za kuyachemshia hazitoki bure.

Ama aliyeondolewa matiti mambo yake ni mepesi zaidi, lakini yanaigusa riziki moja kwa moja. Hutiwa mirija ya kutolea damu kwa siku kadhaa, hufungwa kifua kwa wiki nne hadi sita, na hukatazwa kuinua mikono juu ya mabega au kubeba kizito kwa muda kama huo, ili kovu lisitanuke. Mvuvi wa omena hutoka jioni na taa, huvuta wavu mara nyingi usiku kucha, na kuvuta kwenyewe ni mabega na kifua. Wiki sita ni mwezi na nusu bila ya mshahara, katika kazi ambayo anayekosa usiku hugawiwa patupu asubuhi.

Na hapa pana jambo ambalo vitabu vya tiba haviligusi. Katika fuo za ziwa kazi zenyewe zina jinsia: wanaume ndio watokao na mashua, wanawake ndio wanunuao samaki ufuoni, wakawaanika na kuwauza. Mtu akibadilika hubadilisha na upande wa mashua anaosimama. Kadhalika nyumbani: katika dala, yaani boma, la Kijaluo, desturi ambayo Wasuba wengi wanaishi nayo leo, kijana wa kiume hujengewa simba, yaani nyumba yake mwenyewe, karibu na lango, binti hana simba, na mahali pa kaburi la kila mmoja pana kanuni; nchi nzima iliona katika kesi ya maziko ya wakili S. M. Otieno, 1986 hadi 1987, jinsi kanuni za namna hiyo zinavyoweza kuishughulisha mahakama miezi. Basi mgonjwa arudipo kutoka hospitalini akiwa dhaifu, hawezi kuinama, swali la kwanza si la tabibu: atalazwa nyumba ipi, na ni nani atakayemuosha?

Somo lililokwisha kusomwa: tohara

Si kweli kwamba nchi hii haijapata kuufikiri upasuaji wa hiari wa sehemu za siri. Wajaluo, ambao alama yao ya utu uzima ilikuwa kung'olewa meno sita ya chini na wala si kutahiriwa, waliombwa kuanzia mwaka 2008 waikubali tohara ya hospitali kwa wanaume, baada ya utafiti uliofanywa Kisumu kwa vijana 2,784 kusimamishwa Desemba 2006 kabla ya muda wake, kwa kuwa faida ya kuzuia Ukimwi ilikuwa imedhihirika. Wazee walikuwa na wasiwasi, wakihofia kufanywa watu wa kabila jingine. Mazungumzo yakafanyika, wanasiasa wakanena, na programu ikaenea hadi visiwani.

Tohara na kubadili jinsia si mamoja, na mwenye kuyafananisha katika kila jambo atakuwa ameghafilika. Kinachofanana ni utaratibu. Mteja alishauriwa kwanza, akatia sahihi ya ridhaa, akaambiwa asilale na mtu kwa wiki sita hata kama jeraha linaonekana limepona, akapewa siku ya kurudi. Na udhaifu ulijitokeza pale pale tunapoutazamia: si katika ukataji, uliofanywa vizuri, bali katika wiki hizo sita, kwa maana wapo walioanza mapema, na wapo ambao kwao kurudi kliniki kulimaanisha kuacha samaki. Programu ilijifunza kuufuata mtumbwi badala ya kuungoja, ikafanya kazi jioni, ikapeleka wauguzi fuoni. Ujuzi huo bado uko Homa Bay, vichwani mwa watu wanaoitwa kwa majina.

Hoja za wanaokataa

Wanaokataa wana hoja tatu, nazo hazina uzito mmoja.

Ya kwanza ni ya dini. Wanazuoni wa Kiislamu wamemjua huntha tangu kale, wakapanga mirathi yake na mahali pake katika safu ya sala, na wengi wao hukubali atibiwe ili upande wake wenye nguvu udhihirike. Ila humkatalia yule ambaye mwili wake hauna utata. Hata hivyo fat'wa ya Mufti wa Misri, Muhammad Sayyid Tantawi, ya mwaka 1988, juu ya mwanafunzi wa udaktari wa Al-Azhar aliyeitwa Sally baada ya upasuaji, iliandikwa kwa namna ambayo kila upande ulidai imeunga mkono, na nchini Iran Ayatullah Khomeini aliruhusu wazi katika miaka ya 1980. Kanisa Katoliki, katika waraka wake wa Aprili 2024, limekataa upasuaji wa kubadili jinsia likawaacha nje ya katazo wenye kasoro za maumbile. Kisiwani, ambako Wakatoliki huishi jirani na Waadventista, ambao misheni yao ya Gendia, karibu na Kendu Bay, ni ya tangu 1906, hoja hii ina nguvu juu ya dhamiri za watu, na haki yake ni hapo. Kuigeuza kuwa amri juu ya chumba cha tabibu, katika nchi ya dini nyingi zisizoafikiana, ni kuivusha mpaka.

Ya pili ni majuto: mtu atakata leo, kesho alie. Mapitio yaliyochapishwa mwaka 2021, yaliyokusanya tafiti 27 na wagonjwa 7,928, yaliwakuta wenye kujuta wakiwa takriban asilimia 1, kiwango kidogo kwa upasuaji wa aina yoyote. Wakosoaji wanasema kwa haki kwamba tafiti nyingi katika hizo ziliwapoteza wagonjwa njiani na hazikungoja miaka ya kutosha. Tukizidisha kiwango hicho mara kadhaa kwa insafu ya wakosoaji, bado hakiwi hoja ya kuwanyima wengi. Ni hoja ya kuwapima vizuri wote. Hoja hiyo huongezeka nguvu inapohusu watoto, na ripoti ya Hilary Cass iliyotolewa Uingereza Aprili 2024 iliwataka watu wajihadhari kwa kuwa ushahidi juu ya tiba za homoni kwa vijana wadogo ni dhaifu.

Ya tatu ndiyo nyepesi kutamkwa na nzito kujibiwa: hospitali ambayo mama mjamzito anavushwa ziwa usiku kuitafuta ina mambo ya mbele kuliko haya. Ni kweli. Lakini hoja hii, ikifuatwa, hupunguza matumizi ya fedha za umma. Haimkatazi mtu kutumia zake, na haimwondolei muuguzi wajibu wa kulitazama jeraha lililofanywa kwingine.

Hoja za wanaotetea, na kasoro yake

Watetezi husema kwamba upasuaji ni tiba, kwamba dhiki ya kuishi ndani ya mwili usio wako huua, na kwamba mtu mzima ni bwana wa mwili wake. Nguvu ya hoja hii ni kwamba haja hiyo ipo, upasuaji ukatazwe usikatazwe: wenye mali huenda Thailand au India, na wasio nazo humeza homoni za kununua bila ya kipimo, wengine wakajifunga vifua kwa vitambaa vya kubana mpaka pumzi ziwaishe. Afrika Kusini, ambayo ilitunga sheria ya kubadili kumbukumbu za jinsia mwaka 2003 na ambayo hospitali zake za umma, Groote Schuur mjini Cape Town ikiwemo, hufanya upasuaji huu, imeonyesha kwamba tabibu wa Kiafrika anaweza. Imeonyesha pia kwamba foleni yaweza kuwa ya miaka mingi.

Kasoro ya watetezi ni kuishia mlangoni mwa chumba cha upasuaji. Katika maandiko yao mgonjwa huingia, hutoka, na huwa huru. Arudiye kutoka Bangkok akiwa na kovu jipya, ambaye njia ya mkojo imeanza kubana, au ambaye nasuri imetoboka baina ya uke mpya na utumbo, yuko mbali na aliyempasua, na yuko karibu na mganga wa kituo cha afya ambaye hakupata kuona jambo hili na ambaye huenda ni mwana wa shangazi yake. Siri, katika kisiwa ambacho kila boti hujulikana imebeba nani, ni sehemu ya tiba.

Mtoto huntha: suala lililogeuka juu chini

Kwa mtu mzima aliyebadili jinsia, malalamiko ni kunyimwa kisu. Kwa mtoto huntha, malalamiko ni kupewa kisu asichokiomba. Mwaka 2009 alizaliwa katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta mtoto ambaye katika karatasi zake, mahali pa kuandika jinsia, paliwekwa alama ya kuuliza. Alama hiyo ndiyo iliyofika mbele ya Jaji Isaac Lenaola katika kesi ya Mtoto A, iliyoamuliwa Desemba 2014 kwa kuitaka serikali itafute njia ya kuwatambua na kuwalinda watoto hao. Sensa ya 2019 ikawahesabu huntha 1,524, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikakataza kubadili au kuondoa kiungo cha mtoto huntha pasipo ushauri wa tabibu wa jenetiki, ikaliweka katazo hilo katika orodha moja na ukeketaji na ndoa za utotoni.

Wazazi waombao upasuaji wa mapema hawana ukatili. Wanakimbia maneno ya jirani na choo cha shule. Lakini ulimwengu umekwisha kuona mwisho wa njia hiyo kwa David Reimer wa Kanada, ambaye aliharibiwa uume katika tohara, akapasuliwa mwaka 1967 akiwa mchanga na kulelewa kama msichana kwa ushauri wa mwanasaikolojia John Money, akaukataa usichana huo alipopata akili, na akajiua mwaka 2004. Kisa chake kinawaumiza wenye hoja wote wawili: wanaodhani malezi na kisu vinatosha kuumba jinsia, na wanaodhani nafsi ya mtu juu ya jinsia yake ni mzaha wa kukanywa.

Mizani

Tukiweka yote katika mizani, sitasita kusema kwamba katazo la jumla halina msingi katika sheria ya nchi wala katika ushahidi wa tiba, na kwamba kusubiri ndiyo kanuni iliyo bora kwa wasioweza kuridhia wenyewe, wawe huntha au wasiwe. Lakini kwa mtu mzima wa Mfangano ruhusa tupu ni zawadi ya maneno. Haifai kudai kwamba upasuaji wenyewe ufanywe Homa Bay. Mikono yake inapaswa kuwa ya wachache wafanyao mengi, nayo itakuwa Nairobi au nje. Gharama ya kweli inayopaswa kuhesabiwa tangu mwanzo ni pango na chakula cha mwezi mmoja au miwili karibu na hospitali, pamoja na msaidizi mmoja, na asiye na hiyo hafai kuharakishwa kwa sababu ya kwamba fedha za kisu zimepatikana.

Kinachowezekana kufanywa kaunti ni kidogo na hakihitaji sheria mpya. Wauguzi waliofunzwa kuwahudumia kina mama wenye nasuri ya uzazi wanaujua mpira wa mkojo, wanaijua dalili ya njia iliyoziba, na wanajua kumstahi mgonjwa anayeona haya. Ujuzi huo huo, ukiongezwa saa chache za mafunzo, unatosha kumpokea mtu wa aina hii pale Mbita. Mgonjwa naye apewe na aliyempasua barua ya ukurasa mmoja, isemayo kiungo gani kimeondolewa, kipi kimetengenezwa kwa ngozi ipi, dawa zipi anameza, na homa ya kiasi gani ni ya kumvusha ziwa usiku bila ya kungoja kupambazuke. Aifunge katika mfuko wa plastiki, kwa kuwa wimbi la alasiri kati ya Mbita na Sena hulowesha kila kitu kilicho mapajani.